Mchuzi wa Nyanya na Mafiga ya Saadani

Kwa Mwanakheri, uliyekaa uani kwa jirani umenyoosha miguu juu ya mto ukingoja hina ikauke, kutoka kwa mama yako Zuhura, aliyejifungia jikoni akikuandikia kwa kujificha kama mwizi wa kuku.

Watu wenye adabu zao huanza barua kwa salamu ndefu, za afya na za siha, za wakubwa na za wadogo, hata msomaji akifika kwenye neno lenyewe amekwisha kuchoka. Mimi afya yako naijua: leo asubuhi umekula bakuli mbili za uji na ukatafuta ya tatu. Yangu nayo unaijua: mgongo unauma na nina hasira. Basi salamu zimekwisha.

Kesho alfajiri mnakwenda Saadani, wewe juu ya punda, mumeo Athumani kwa miguu, kama akimpata huyo punda anayemtafuta tangu jana. Barua hii nitaiweka kashani katikati ya leso zako, chini ya ile nyekundu, uione ukifungua mizigo kwenu. Utajiuliza kwa nini sikukwambia kwa mdomo, na tulikuwa nyumba moja. Nimejaribu, mwanangu. Jana nilianza kukueleza habari za kitunguu thomu, na kabla sijafika mwisho nilikuwa napiga kelele, wewe unalia, na baba yako amevaa kofia amekimbilia msikitini kabla ya mwadhini mwenyewe. Kalamu haina koo. Ndiyo maana nimeishika.

Mambo ya unyumba siyaandiki. Kungwi wako amekwisha kukufundisha, na kwa jinsi mlivyokuwa mkicheka siku zile za mafunzo sina shaka umeyaelewa. Kuamkia wakubwa unajua, kufagia unajua, kutembea bila kuburuta miguu unajua ila hupendi. Hayo nayapita. Mimi nina jambo moja tu linalonikosesha usingizi, nalo ni mafiga.

Wewe hujayaona yakitolewa, maana tangu uzaliwe hapajaingia bibi harusi nyumbani kwetu. Huko Saadani, kama hapa Bagamoyo na kama Kaole nilikozaliwa, bibi harusi akifika kwa mumewe hupewa jiko la mama mkwe wake kwa siku moja. Hupika chakula anachokijua. Wanawake wa mtaa huja, hukaa mkekani, huonja. Wakiridhika, mama mkwe humpa mafiga matatu mbele ya watu, vigelegele vikapigwa, na tangu hapo ana jiko lake, chungu chake na moto wake. Wasiporidhika hakuna anayesema neno baya, maana watu wa pwani tuna adabu. Mama mkwe husema tu, “Mwanangu bado mgeni, apumzike kwanza.” Na kupumzika huko ni kukuna nazi za mwenzio, kuchambua mchele wa mwenzio na kupuliza moto wa mwenzio mpaka Mungu apende.

Na wewe, mwanangu nikupendaye, hujui kupika. Unasoma Kurani hata wapita njia wakasimama. Unashona kofia hata baba yako anaogopa kuzivaa zisichafuke. Lakini mwaka jana nilipougua ulichemsha maji ya uji, yakaungua. Mpaka leo sijui maji huunguaje, ila chungu ninacho na ushahidi uko chini yake.

Tena kuna ubaya zaidi, na huo ni wangu. Watu wa Saadani walipokuja kuleta posa niliwapikia tambi za mchuzi wa nyanya, zile unazozipenda. Bi Salama, ambaye sasa ndiye mama mkwe wako, alikula, akala tena, akauliza, “Mkono wa nani huu?” Nami ulimi wangu, ambao haujapata kuningoja nifikiri, ukajibu, “Wa mwenyewe bibi harusi.” Wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Nilikusikia ukikohoa. Bi Salama akasema, “Mashaallah,” akalamba kidole, na kwa habari nilizozipata hakuna mwanamke Saadani ambaye hajaambiwa kwamba Athumani kaoa mpishi. Kwa hiyo usidhani utaponea kwenye wali. Wanangoja tambi, na tambi zenyewe wanazitaka na nyanya.

Basi nisikilize jinsi mimi nilivyoumbuka, ili nawe ukiumbuka, angalau uumbuke kwa namna nyingine.

Babu yako wa Kaole, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani asubuhi na mkulima jioni, na nyanya zake zilikuwa na sifa kuliko wanafunzi wake. Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Fundi Bakari, Mngazija, mpishi wa mzungu mmoja mnunuzi wa pembe za ndovu aliyekaa mjini. Fundi Bakari alikuwa na majivuno hata ukadhani nyanya zinaiva kwa ruhusa yake. Siku moja alituambia kwamba bwana wake anatoka nchi ambako watu hula tambi kila siku, na hawatii sukari.

Nilicheka hata nikakaa chini. Sisi tambi tumezijua za sukari na tui, za futari na za wageni.

“Wanatia nini basi, chumvi?” nikauliza.

“Chumvi na nyanya.”

“Na tui?”

“Hakuna tui.”

“Masikini. Hawana minazi?”

“Hawana.”

Nikawahurumia kwa dhati ya moyo wangu. Lakini siku ya pili alikuja na bakuli kalifunika kitambaa, tukaonja. Babu yako alimaliza zaidi ya nusu huku akisema kwamba chakula hiki hakiaminiki, mpaka Fundi Bakari akamwapia kuwa ndani yake hamna kitu ila nyanya, kitunguu thomu, mafuta ya ufuta, chumvi na mrehani.

“Mrehani?” Babu yako tonge likamsimama mkononi. “Ule wa maiti?”

“Ule wa maarusi, mwalimu,” akasema Fundi Bakari.

Na wote wawili walisema kweli. Sisi mrehani tunauchomeka nyweleni, tunautandaza kitandani, tunaufunga kikuba pamoja na asumini, na mtu akitutoka tunauweka juu ya jeneza na marashi. Kuula tumewaachia mbuzi. Lakini mimi nilikwisha kuonja, na ladha ile ilinikaa kinywani siku kadhaa. Nikamsumbua Fundi Bakari kila alipokuja kununua nyanya, mpaka akanifundisha, yeye upande ule wa ua, mimi upande huu, akinitukana kwa Kingazija nilipokuwa nauliza mara mbili.

Nilipoolewa na baba yako na siku yangu ya jiko ilipofika, nikasema moyoni: wanawake wa Bagamoyo watauona ulimwengu leo. Sikutaka kupika chakula kizuri, mwanangu. Nilitaka kupika chakula ambacho hawajapata kukiona. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, nami nilikuja kuyajua nikiwa nimekwisha kupakua.

Tambi nilikuwa nazo, nyanya nilikuwa nazo, kila kitu ila mrehani. Bibi yako Mwanaisha, mama wa baba yako, hakupanda mrehani uani kwake. Alisema unaleta nyuki. Kwenda kwa jirani kuomba siwezi, bibi harusi hatoki. Nikaingia chumbani kutafuta pa kulilia, nikainua macho, nikaona kikuba changu cha harusi kimetundikwa juu ya kitanda. Kikubwa, kimefungwa vizuri, mrehani mtupu, machoni pangu mimi niliyekuwa na haraka. Nikakichukua, nikakipukusia chote chunguni.

Sikukumbuka kwamba kungwi wangu alikuwa akikinyunyizia marashi kila alipopita. Asumini sikuiona. Kile kibanzi cha udi sikukiona. Nikafunika chungu, nikachochea moto, nikaacha vichemke pamoja kwa muda mrefu, kwa kuwa nilitaka ladha iingie. Iliingia.

Nilipofunua, mvuke ulitangulia mpaka mkekani kabla ya sinia. Shangazi Tatu, dada mkubwa wa babu yako wa hapa mjini, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha lakini pua yake bado kijana, alinusa mara moja, akajifunika leso kichwani, akaanza: “Inna lillahi wa inna ilaihi rajiuun. Nani katutoka?”

“Hakuna aliyekufa, bibi,” akaambiwa. “Ni chakula.”

“Cha matanga?”

“Cha harusi.”

“Mbona basi kinanukia mtu aliyekwisha kuoshwa?”

Bibi yako Mwanaisha hakucheka. Alichukua tonge, akatafuna. Akaacha kutafuna, akafikiri, akatafuna tena. Kisha akaingiza vidole viwili kinywani, akatoa ua zima la asumini, limelowa mchuzi, akaliweka ukingoni mwa sinia mbele ya watu wote.

“Mwanangu,” akasema, kwa upole ulionitoa jasho, “hiki ni chakula au ni kikuba?”

Hapo ningenyamaza tu, mambo yangepita. Nami nikajibu, “Ni vyote viwili, mama.”

Walicheka mpaka mmoja wao akatolewa nje. Bibi yako alingoja wanyamaze, akafuta vidole vyake, akasema, “Bado mgeni, apumzike kwanza.”

Nikapumzika, mwanangu. Nikapumzika hata viganja vikaota sugu. Nazi za nyumba ile nilizikuna mimi, na hazikuwa chache, maana bibi yako alitia tui hata kwenye vitu visivyolihitaji. Jina langu mtaani likawa Mpika Vikuba. Baba yako alikuwa akipita uani jioni, akaniona nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia, akaninong'oneza, “Vumilia, Zuhura, siku moja utapata mafiga yako.” Mara nyingi nilikuwa na kifuu mkononi, na namshukuru Mungu kwamba sikukirusha.

Mafiga yenyewe niliyapata kwa sababu ya mafua. Mwaka mmoja yalimshika bibi yako hata pua ikaziba na ulimi ukafa ganzi. Kila alichopewa alisema ni mbao. Wali mbao, samaki mbao, mpaka halua iliyotoka Unguja akasema ni mbao zilizotiwa mafuta. Siku ya tatu au ya nne akaniita. “Zuhura, wewe mpika vikuba, huna kitu kitakachopenya pua hii?” Nilidhani ananidhihaki. Nikaenda kupika hivyo hivyo, kwa hasira, na mrehani nilioupanda mwenyewe nyuma ya choo asikouona. Nilitia majani machache, tena mwishoni, chungu kikiwa kimekwisha kushuka.

Alikula tonge la kwanza amefumba macho. La pili akayafumbua. Alipofika katikati ya bakuli akasema, “Funga mlango.”

“Moshi utatuua, mama.”

“Funga mlango, Zuhura. Jirani akisikia harufu nitamwambia nini? Nimekucheka miaka yote hii.”

Tangu siku hiyo tukawa tunakula mlango umefungwa, mimi na yeye, machozi yanatutoka kwa moshi, na kumbe nilianza kumpenda. Mafua yakaisha, mlango ukaendelea kufungwa. Nje akiulizwa habari zangu hujibu, “Ah, mkwe wangu bado anajifunza.” Nami nimesimama hapo hapo, najing'ata ulimi.

Mafiga alinipa jioni moja bila mtu, bila kigelegele. Aliyasukuma kwa mguu, moja baada ya moja, mpaka mlangoni pangu, akasema, “Mawe haya yananikwaza njiani. Yaondoe.” Nikayaondoa. Nililia nimeyakumbatia, leso yangu ikawa nyeusi tii kwa masizi, na kwa siku chache kila aliyepita kunitazama nikampikia hata kama ameshiba.

Sasa, mwanangu, kile kikuba kilikuwa mchezo tu. Kosa langu la kweli nililifanya nikiwa na mafiga yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeyangoja mno. Nilipoyapata sikutaka mtu mwingine ayasogelee, na aliyekuwa akija kuyasogelea ni wewe. Ulikuja ukiwa mdogo, na upawa wako wa kifuu, ukataka kukoroga. Nikakwambia nenda kacheze, utaungua. Ulipokua nikakwambia nenda kashone, utaniharibia. Siku ulipokata kitunguu nilikichukua nikakikata upya mbele ya macho yako. Watu wakiniuliza mbona Mwanakheri haonekani jikoni, huwaambia kwamba wewe mvivu. Hukuwa mvivu. Nilikufukuza mpaka ukafukuzika. Bibi yako alininyima mafiga, nami nikakunyima hata mwiko, na bibi yako angalau alikuwa na sababu, alitafuna asumini. Nimeona haya kuandika hayo, na kwa kuwa nimekwisha kuyaandika, tuendelee.

Mchuzi wenyewe si kitu kigumu, na ugumu wake wote ni kuuacha mkono utulie. Chagua nyanya zilizoiva hata zikabonyea, zile ambazo mwenye shamba anaona haya kukuuzia. Zipitishe kwenye maji ya moto, ngozi itavuka yenyewe. Zipasue, zikamue mbegu, usizihurumie. Tambi nimekutilia kikapu kizima, nimezisokota mwenyewe kwa vidole na kuzianika juu ya ungo, kwa hiyo hapo huna pa kukosea, ila usizichemshe mpaka ziwe uji. Mafuta ya ufuta yapate moto, kitunguu thomu kiingie, nawe usiondoke. Kikinukia, tia nyanya. Kikiwa cheusi, mwaga uanze tena, wala usijiambie kwamba hawatajua. Watajua. Chumvi onja maji kwanza, maana visima vya Saadani nasikia vina chumvi yake, na ukitia kipimo cha hapa kwetu watu watakunywa mtungi mzima. Halafu utakuja wakati ambapo utautazama mchuzi na mkono wako utataka tui. Mkono wa mwanamke wa pwani ukiona chungu unataka tui. Ukalie. Uache mchuzi upikike polepole, mpaka mafuta yaelee na maji yaishe, wala usikimbilie kuushusha. Mrehani uwe wa mwisho, uuchane kwa vidole, na uwe umeota ardhini, si umetundikwa juu ya kitanda.

Naacha kidogo. Nasikia mitalawanda yako, viatu vyako vya mti, uani, na kwa mlio huo hina imekauka.

Nimerudi. Alasiri imepita, wino umekauka nikautia maji, ukiona maandishi yamefifia si machozi.

Nilipokusikia nilisema moyoni, Zuhura, kesho hayupo. Nikafungua mlango nikakuita. Ulisimama kizingitini hukuingia, unaniangalia kama mtu anayengoja kuambiwa nenda kashone, na hapo moyo uliniuma hata nikasema kwa ukali kuliko nilivyotaka, “Ingia upike.”

“Nipike nini?”

“Unajua.”

“Na wewe mama utafanya nini?”

“Nitakalia mikono.”

Ulidhani ni maneno. Uliona mwenyewe: niliketi juu ya kibao nikaikalia mikono yote miwili, na pembe ya leso nikaitia kinywani nisije nikasema. Hujui nilivyoteseka. Nyanya zako ulizikata vipande vikubwa kama vya kulisha ng'ombe. Ngozi nyingine uliiacha. Kitunguu thomu hukukitwanga, ulikiponda kwa kisigino cha mwiko, na kilipokaribia kuwa cheusi nilikuwa nimekwisha kunyanyuka nusu, nawe bila kunitazama ukakitoa chungu motoni, ukangoja, ukakirudisha. Nani alikufundisha hilo? Mimi sikukufundisha kitu. Kumbe miaka yote ulikuwa ukichungulia.

Kisha ukaushusha mchuzi mapema. Mapema mno! Nyanya bado zina umbo, mafuta hayajaelea, mimi nimeing'ata leso mpaka ikatoboka. Ukachana mrehani juu yake, ukafunika, ukageuka.

“Imekuwaje, mama?”

Nikaonja. Na unajua nilivyokujibu, maana ulikuwapo. Nilisema, “Inalika.” Ukatikisa kichwa polepole, ukanawa mikono, ukaenda kwa kungwi wako kufunga mizigo. Hukununa. Afadhali ungenuna.

Ambayo huyajui ni yaliyotokea baada ya hapo. Baba yako alitoka msikitini kulipopoa, yaani alinusa kwanza mlangoni akaona hakuna anayelia. Akaketi barazani. Nikampelekea sahani yake. Alikula kama anavyokula siku zote, huku akinieleza bei ya sandarusi, jambo ambalo hunieleza kila siku na bado silielewi. Katikati ya bei akaisahau sandarusi yake. Akaitazama sahani. Akala tonge jingine, la polepole, akaniangalia kwa macho ambayo sijayaona tangu tuoane.

“Zuhura,” akasema, “leo umepata.”

Leo! Nimempikia mtu huyu tangu bibi yako aliposukuma yale mawe mpaka hivi leo. Nimempikia mchuzi huu mvua na jua, ana homa na hana homa. Amekula, amejilamba, amesema Alhamdulillahi, amekwenda zake. Na siku hizo zote, kumbe, nilikuwa nakaribia kupata! “Nyanya unaziona kinywani,” akaendelea, “hazijafa. Umefanyaje?”

Nikamwambia, “Mambo ya jikoni hayaulizwi.”

Akaomba tena. Nikampa. Akachukua chungu chenyewe akakifuta kwa kipande cha mkate, mtu mzima huyu, mpaka kikang'aa. Nami nimesimama pale, sijasema ni wewe. Nilifungua kinywa mara mbili, na mara zote mbili kikatoka kitu kingine. Sifa zako nimezipokea mimi, nikaziweka mfukoni, na sina mfuko.

Sasa hivi nakusikia chumba cha pili unacheka na kungwi wako juu ya sanduku lisilofungika. Ningeweza kusimama, ni hatua chache tu, nikwambie: Mwanakheri, mchuzi wako ni mzuri kuliko wangu. Sithubutu. Nikianza nitalia, wewe utalia, baba yako atavaa kofia, na hilo sanduku halitafungwa. Kwa hiyo nakwambia hapa, kwa wino wangu uliotiwa maji. Ni mzuri kuliko wangu. Nilipoonja nilijua hapo hapo, kabla ya baba yako, na niliposema inalika nilikuwa nasema uongo mkubwa kuliko ule wa siku ya posa.

Basi siku Bi Salama atakapokukabidhi jiko lake, usipike kama nilivyoandika huko juu. Huko juu pafute, au paache ucheke. Pika kama ulivyopika leo. Vipande viwe vikubwa, shusha mapema, na yeyote atakayeketi nyuma yako akang'ata leso usimtazame. Akikupa mafiga mbele ya watu, yapokee kwa mikono miwili na uinamishe kichwa. Akisema upumzike kwanza, pumzika, lakini ujue kwamba mkono wako hauna kosa, na kwamba mama yako, mgumu wa kusifu kuliko wanawake wote wa pwani hii, amelisema hilo na kulitia sahihi. Mungu akufikishe salama. Naweka kalamu chini kabla hujaja kutafuta uzi wa kufungia mzigo, mimi mama yako, Zuhura wa Kaole.

Kesho jioni nitampikia baba yako. Nitachoma kidole, nitatia chumvi sana, sitajali. Ataonja, atasita, ataniuliza, “Ule mchuzi wa jana uko wapi?” Nami nitamjibu, “Umeolewa Saadani.”